Miti Yenye Mstari Mweupe

Saint-Maglorien, Beauce
Jumapili, 3 Machi 1957

Shemeji Odilon,

Hunijui, nami sikujui. Miaka minane nimekuwa mke wa ndugu yako na sijawahi kuiona hata picha yako. Anwani nimeipata nyuma ya bahasha ya rambirambi uliyotuma Januari. Mistari miwili tu, lakini nilishukuru, maana wengine walituma kurasa nne na hawakusema kitu.

Philias bado hatujamzika. Unakumbuka mambo ya huku: ardhi imekuwa chuma, kwa hiyo yuko kwenye chumba cha mawe pale makaburini, anasubiri udongo ulainike mwezi wa tano. Mimi nasubiri pia, ila siwezi kusubiri nikiwa nimekaa. Nimeamua kupika mwenyewe sirapu ya maji ya miti ya mepo mwaka huu. Binti yangu Huguette, yule niliyekuja naye kwenye ndoa hii, ananipigia kelele kutoka Québec: "Mama, funga hicho kibanda cha sukari, uje ukae na sisi, una miaka hamsini na tisa!" Nikishindwa majira haya ya kuchipua, nitakwenda. Nitakaa kwenye jiko lake nikielekezwa mahali pa kuweka vijiko mpaka nife. Ndiyo maana nakuandikia mtu nisiyemjua.

Philias hakutaka mtu karibu na karai lake la kuchemshia. Miaka yote minane nilimpelekea supu ya njegere mpaka mlangoni, nikachukua bakuli tupu, nikarudi kwa ng'ombe wangu. Kwa hiyo sijui lolote, na nina maswali matatu.

La kwanza: juzi jua lilitoka, nikatoboa miti ishirini ya mepo hapa karibu, nikachemsha maji yake kujaribu. Povu likapanda kama uji uliosahauliwa jikoni, likamwagika lote motoni. Philias alilizuiaje?

La pili: nitajuaje kwamba imeiva? Niliyoipata ilikuwa maji matamu asubuhi, na jioni ilikuwa mawe.

La tatu ndilo linalonikosesha raha. Nimeshuka kwa mara ya kwanza mteremko wa chini, kule kwenye kijito, nikakuta miti arobaini na mitatu imepakwa mstari mweupe kuzunguka shina, usawa wa kifua. Rangi ni mpya. Sasa nakumbuka, kila vuli Philias alikuwa anatoka na kopo la rangi, na hata vuli iliyopita alitoka, anakohoa, nikamfokea, akaniambia tu "Azélie, nina kazi." Kazi gani? Gédéon mwenye kiwanda cha mbao hapa jirani anasema mstari mweupe ni mti wa kukatwa, kila mtu anajua. Banda langu la kuni ni tupu kwa sababu Philias aliugua kabla ya kupasua, na yeye yuko tayari kuniletea kuni kavu za msimu mzima akipewa magogo hayo. Bila kuni hakuna sirapu. Lakini miti yenyewe ni mikubwa na mizima, shemeji. Sielewi. Mstari mweupe kwenu ulikuwa na maana gani?

Mimi shemeji yako,
Azélie Veilleux


Lewiston, Maine
10 Machi 1957

Shemeji Azélie,

Nimepata barua yako. Mimi si mwandishi, mikono yangu imezoea mashine za kufuma.

Povu: ndani ya kibanda, juu ya karai, kuna kipande cha mafuta ya nguruwe ya chumvi kinachoning'inia kwa kamba. Kishushe kiwe juu kidogo ya usawa wa maji. Povu likipanda likakigusa, linanywea lenyewe. Baba yetu alifanya hivyo, na babu pia.

Kuiva: chovya upawa wa mbao, uinue, uuache udondoke. Ikianguka matone matone, bado. Matone yakishikana yakateremka kama pazia kwenye ukingo wa upawa, toa upesi. Ukisimama kuwaza, umeunguza.

Mstari mweupe: wakati wa Baba ulikuwa wa shoka. Gédéon hakukudanganya. Miti ile ya kijitoni imekamuliwa vya kutosha, na aliyeikamua anajijua. Mpe Gédéon akate.

Odilon


Saint-Maglorien
17 Machi 1957

Shemeji,

Mafuta ya nguruwe! Kumbe! Nilikikuta kipande chako hicho Februari nilipokwenda kufagia kibanda, nikasema maskini mume wangu, alijiwekea kitoweo ambacho hakuwahi kukila. Nikakikaanga na mayai. Kilikuwa kigumu kama soli na kina ladha ya moshi wa miaka ishirini, nikakila chote kwa heshima yake, huku nalia. Sasa nimetundika kingine na povu limenyamaza kama mtoto aliyeonyeshwa kiboko. Gédéon nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa kwenye theluji. "Mama Azélie, umekula mashine ya kiwanda!"

Nimetoboa miti mia mbili ya juu, na farasi anavuta pipa bila ubishi. Pazia lako nimeliona Alhamisi. Lilishuka kwenye upawa, likatulia kidogo, nikapiga kelele peke yangu. Nina madebe kumi na moja yaliyojaa, rangi ya chai isiyo na maziwa. Kwa hiyo asante.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu na bado nimechanganyikiwa. "Aliyeikamua anajijua." Nani? Kama ni Philias, mbona alikamua miti yake mwenyewe, kosa liko wapi? Na kama miti imechoka, kwa nini ndiyo mizuri kuliko yote? Shina moja nililikumbatia, mikono haikukutana.

Halafu kuna hili. Darini kwenye kibanda nimekuta ndoo themanini na sita, kila moja imefungwa kwenye gazeti. Nilidhani zimetoboka. Nikazijaza maji, hakuna inayovuja hata tone. Ndani zimepakwa mafuta zisishike kutu, na magazeti ni ya Novemba mwaka jana. Mwenye ndoo themanini na sita nzima, mbona alikuwa akinilalamikia kila mwaka kwamba ndoo hazimtoshi, na akinizuia nisipande darini kwa sababu eti mbao zimeoza? Mbao ni imara kabisa. Nimezirukia.

Usilolijua ni usiku wa giza, nami natembea ndani yake na taa yangu moja ambayo ni wewe, na wewe unawaka mistari mitano kisha unazima. Gédéon ameshaleta shehena mbili za kuni. Atakuja na msumeno Jumanne ya tarehe ishirini na sita. Kama kuna la kuniambia, niambie sasa.

Azélie


Lewiston
21 Machi 1957

Shemeji Azélie,

Umetaka lisemwe, basi lisemwe.

Baba alipokufa tuligawana msitu. Miti ya juu ikawa ya Philias, ya kijitoni ikawa yangu, na karai likawa letu sote. Sharti lilikuwa moja, na Baba alitutamkisha kitandani pake: mwenye mti ndiye anayetoboa. Ndugu hatoboi mti wa ndugu yake bila mwenyewe kuwepo. Huko kwetu watu wamegombana kwa ajili ya mti mmoja mpaka wakahama parokia, ndiyo maana Baba akaweka hivyo.

Mwaka 1946 nilikuwa tayari hapa Lewiston kwa msimu wa baridi, kutafuta riziki. Pasaka nikarudi. Nilikuwa na paja la nguruwe kwenye mfuko na glavu mpya za Philias, za ngozi, nilizomnunulia hapa. Nikashuka stesheni, nikatembea, na kabla sijafika daraja la kijito nikaziona ndoo. Kwenye miti yangu, kila mti ndoo mbili. Moshi unatoka kibandani na yeye ndani anaimba. Hakuniandikia wala kuniuliza. Nilisimama pale darajani, kisha nikageuka nikarudi stesheni. Paja nilimpa mfanyakazi wa reli.

Nilimwandikia barua moja: "Anayetoboa mti wa nduguye na aunywe peke yake." Hakujibu. Mtu mwenye haki hujibu.

Kwa hiyo ni miaka kumi na moja anakamua yangu na yake, na ilipokauka akaipaka rangi ya shoka ili hata ushahidi usibaki. Hukujua, sikulaumu. Zile ndoo ni zangu, nilizinunua mwaka nilipooa, na mke wangu Mungu amrehemu ndiye aliyezisugua. Philias alizifunga magazeti kwa sababu gani sijui, labda aibu.

Mwache Gédéon akate. Sitaki kusikia tena habari za mstari mweupe.

O. Veilleux


Saint-Maglorien
Jumanne, 26 Machi 1957

Odilon,

Nakuandikia nikiwa na buti miguuni na maji ya theluji yanatiririka sakafuni, lakini leo sijali.

Gédéon alikuja asubuhi na mapema. Barua yako ilikuwa haijafika. Alikata mti wa kwanza, ule wa karibu na daraja, kisha wa pili, na alipomaliza wa tatu hakuendelea. Nilikuwa juu namwaga ndoo, nikashangaa msumeno umenyamaza. Akapanda mwenyewe kunifuata, kofia mkononi. "Mama Azélie, teremka uone kitu. Mimi nimekata mepo miaka thelathini na hili silielewi."

Wewe unajua mti wa mepo unavyotunza kumbukumbu. Ukiutoboa, tundu linafunga kwa nje lakini ndani ya mbao doa la kahawia halifutiki. Gédéon anasema mti unaotobolewa kila majira ya kuchipua ndani yake ni kama kikoi, madoa mpaka kwenye gome. Hii haikuwa hivyo. Katikati ya gogo madoa yalikuwa mengi, yamezunguka. Halafu yakakoma. Kutoka doa la mwisho hadi kwenye gome, mbao nyeupe tupu, safi, unene wa kiganja changu, bila alama hata moja.

Gédéon akapiga magoti, akalowesha kidole, akahesabu pete. "Kumi na moja." Akaenda kwa gogo la pili. "Kumi na moja." Mimi nikahesabu la tatu mwenyewe, kwa sindano ya kofia yangu, maana sikumwamini. Kumi na moja.

Akaniuliza, "Sasa mtu gani anaiacha miti kama hii miaka kumi na moja, halafu anaipaka rangi?" Nikamwambia asimamishe kazi, hata kama atazichukua tena kuni zake. Akasema kuni zikae, magogo matatu yanatosha. Ni mtu mwema, ingawa anacheka sana.

Saa nane mtu wa posta akaleta barua yako. Pasaka ya 1946. Nikarudi kijitoni na barua mkononi, nikahesabu tena kwa vidole, kiangazi cha arobaini na sita, cha arobaini na saba, mpaka cha mwaka jana alipokuwa hai. Kumi na moja, Odilon. Toka siku ile uliyosimama darajani, mume wangu hakutoboa mti wako hata mmoja. Ndoo zako alizipaka mafuta kila Novemba na kuzifunga gazeti jipya, akanidanganya mimi kuhusu mbao za dari nisije nikazichukua. Na rangi nyeupe haikuwa ya shoka. Ilikuwa ya kumzuia mtu yeyote asiiguse, na wa kwanza kuzuiwa alikuwa yeye. Alikuwa akikusubiri.

Nilikaa juu ya kisiki nikalia kwa sauti, na nilikasirika vilevile. Nimemkasirikia yeye aliyelala na mimi miaka minane bila kufungua mdomo. Nimekukasirikia wewe uliyeniambia "kata" juu ya miti ambayo hujaiona tangu vita viishe. Nimejikasirikia mimi niliyekusikiliza. Hasira hasara, na hasara yetu imelala pale kwenye theluji, mitatu, na maji yanatoka visikini mpaka sasa. Nimeyaonja. Ni matamu kuliko ya juu.

Lakini kuna kitu kimoja sikielewi, nawe peke yako ndiye unayeweza kukijibu. Umesema ulirudi Pasaka. Pasaka ile, nimeangalia kwenye kalenda ya kanisa, ilikuwa tarehe 21 Aprili. Miti hutobolewa Machi. Wewe ulitaka nani akutobolee miti yako mwezi wa Machi, kama mwenyewe hukuwepo? Na Gédéon anakumbuka kwamba msimu ule Philias alipika maji ya kijitoni peke yake, kwa zamu yake, akakataa kuyachanganya na ya juu. Watu walimcheka kwa kupoteza kuni. Kwa nini mwizi atenganishe alichoiba?

Ya juu yameanza kupungua. Nimebakiza labda wiki mbili kabla ya machipukizi, na sirapu ya machipukizi hata mbwa haili. Miti yako arobaini ikitobolewa sasa, msimu wangu utakuwa salama na Huguette ataacha kunipangia chumba. Sitaitoboa bila mwenyewe. Nipe ruhusa kwa maandishi.

Azélie


Lewiston
1 Aprili 1957

Azélie,

Nimeanza barua hii mara nne.

Mwaka ule wa 1946 nilimwahidi Philias nitakuwa huko tarehe 10 Machi ili tutoboe pamoja. Msimamizi wa kiwanda alininyima likizo. Sikumwandikia. Nilisema moyoni, ataelewa, ni ndugu yangu. Wiki sita alikuwa ananisubiri na maji hayamsubiri mtu, na mimi sikutuma hata kadi. Hili sikumwambia mke wangu, sikumwambia padri, na barua iliyopita nimelipita kando kama mtu anavyopita kando ya mbwa aliyelala.

Sasa ndiyo naona. Alinitobolea mimi. Aliona Machi inakwisha na msimu wangu unapotea, akavunja sharti la Baba ili nisikose, akajinunulia balaa. Sirapu ile aliyoipika peke yake ilikuwa yangu. Sijui ilikwenda wapi. Labda iliningoja mezani Pasaka ile, na mimi niko darajani nahesabu ndoo kama polisi. Halafu nikamtumia ule mstari mmoja. Alikuwa mtu wa kushika neno. Nilimwambia asitoboe, hakutoboa.

Kwa nini hakujibu? Ningejibu nini mimi, ningekuwa yeye? Sijui, Azélie. Nimejiuliza usiku mzima.

Ile mitatu nimeikata mimi, si Gédéon wala wewe. Nilipoandika "mpe akate" nilikuwa nakata mtu.

Umeomba ruhusa kwa maandishi. Sikupi. Sharti ni sharti: mwenye mti awepo. Nimemwomba msimamizi likizo, akanikatalia, nikamwambia nina miaka sitini na nne na mashine yake aitengeneze mwenyewe. Nitapanda treni Ijumaa, nitafika Jumamosi mchana. Usije stesheni, una karai motoni. Nitatembea. Nikifika darajani sitageuka.

Ndoo ziache kwenye magazeti yake. Nataka kuzifungua mwenyewe. Na kama padri hajapanga siku ya mazishi, mwambie Philias ana mtu wa kubeba jeneza kwa mbele.

Odilon


(Karatasi iliyopigiliwa kwenye mlango wa kibanda)

Jumamosi, 6 Aprili 1957

Odilon,

Niko msituni juu namwaga ndoo. Usiku uliganda vizuri na jua limetoka, maji yanakimbia leo kama yamesikia unakuja.

Supu iko pembeni ya tanuri. Ngazi ya dari iko nyuma ya mlango. Panda bila woga, mbao hazijaoza. Keekee za kutobolea miti ziko mbili kwenye msumari. Yenye mpini uliochakaa ilikuwa ya Philias. Ile nyingine nilikuwa nikidhani ni ya akiba.

Ukisikia njaa kabla sijashuka, mkate uko kwenye kikapu. Kipande kinachoning'inia juu ya karai usikile.

Azélie